Sura ya Sita: Nyumba Ngapi?

Taa iliwaka saa nne asubuhi. Ilikuwa globu moja ya LED, imening'inizwa mbele ya kibanda cha mabati kando ya kijito, katika milima ya Njombe, mwezi wa Oktoba, nyasi zimekauka na vumbi jekundu limelala juu ya majani ya miparachichi. Akina mama waliosimama ukingoni wakapiga vigelegele. Fundi alijifuta grisi mikononi kwa tambara, akainamisha uso. Mashine ile ilikuwa imemtesa mwaka mzima na zaidi. Gurudumu alilichomelea mwenyewe, vikombe vyake akavikata kutoka kwenye bomba la chuma lililopasuliwa katikati. Puli kubwa aliitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa. Jenereta ndiyo pekee aliyoinunua mjini, ile inayouzwa kichwa kitupu bila injini.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jiwe tangu tufike alinyoosha fimbo kuelekea kwenye taa.

"Hongera, mwanangu. Sasa hiyo ni nyumba ngapi?"

"Zote, baba. Zote ishirini na sita." Fundi akaweka kidole kwenye kibao cha jenereta. "Imeandikwa hapa: kilowati tatu."

Nilikuwa nimealikwa kuja na mita zangu, na swali la yule mzee ndilo lililonifanya nizitoe kwenye begi haraka. Kaya ishirini na sita zilikuwa zimeshachanga fedha ya awali ya nyaya. Wengine waliuza mahindi kabla ya bei kupanda, na mama mmoja aliniambia ameuza mbuzi. Watu wa namna hii wanastahili namba ya kweli kabla ya mchango wa pili, na namba ya kweli haikuwa imeandikwa popote kwenye kile kibao.

Kibao chenyewe hakisemi uongo. Kinaeleza jenereta inaweza kubeba mzigo gani bila kuungua, basi. Gunia lililoandikwa kilo mia moja halirudi kutoka shambani na kilo mia moja kwa sababu ya maandishi yake. Linarudi na kile shamba lilichotoa. Hapa shamba ni kijito.

Ile taa nayo haikuwa shahidi wa kutegemewa. Globu nyingi za LED zinazouzwa siku hizi zina kifaa kidogo ndani kinachozifanya ziwake vilevile hata umeme ukishuka hadi karibu volti 100. Globu ile ilikula wati 7. Mashine yenye uwezo wa wati 10 ingeiwasha, na yenye uwezo wa wati 3,000 ingeiwasha vilevile, na jicho la mtu lisingeona tofauti yoyote. Mita ya fundi ilisoma volti 230, namba nzuri ya kutazama, lakini volti zinazopimwa wakati hakuna kinachovutwa hazijatuambia kitu kuhusu nguvu. Jenereta isiyo na mzigo ni rahisi kuizungusha. Fundi alikuwa amefungua koki ya bomba kidogo tu, labda robo, na maji hayo machache yalitosha kuifikisha kwenye 230.

Tukaanza na maji, si na waya. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haina msisimko. Mimi naiona ndiyo hatua ya heshima kuliko zote, maana maji ndiyo mwenye mali.

Kimo cha maporomoko tulikipima kwa mpira wa levo, ule ule wa mafundi waashi: mpira mwangavu uliojazwa maji, usio na kiputo hata kimoja ndani, mtu mmoja juu na mwingine chini, na fimbo yenye alama za sentimita. Tulishuka kwa vituo kumi kutoka kwenye tangi la kutulizia maji hadi kwenye nozeli. Jumla ilikuwa mita 14. Ili kujihakikishia, tulifunga geji ya presha mwisho wa bomba, koki ikiwa imefungwa kabisa; mshale ukasimama karibu na bar 1.4. Mita 10 za maji yaliyosimama wima ni karibu bar 1, kwa hiyo mpira na geji vilikubaliana. Napenda vipimo viwili visivyojuana vinapokubaliana. Kimoja kikikosea, kingine kitakiumbua.

Wingi wa maji ulihitaji ubao. Tulikata pengo la umbo la V lenye pembe mraba kwenye ubao mpana, tukauzibisha kwa udongo wa mfinyanzi kwenye mfereji unaotoa maji chini ya gurudumu, koki ikiwa wazi kabisa, kisha tukapima kina cha maji juu ya ncha ya V, si pale ukingoni yanapoanza kujikunja, bali hatua mbili nyuma yake ambako yametulia. Pengo hilo lina tabia ya kushangaza. Kina kikiwa sentimita 10, zinapita lita 4.4 kwa sekunde. Kikiwa 15, zinapita 12. Kikiwa 20, zinakaribia 25. Kina kikiongezeka maradufu, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano, kwa hiyo anayesoma rula kizembe anapotea sana. Sisi tulipata sentimita 15. Tukaleta pipa la lita 200 tulikinge chini ya ubao, kijana mmoja akashika saa ya simu: sekunde kumi na sita na nusu mara ya kwanza, kumi na saba mara ya pili. Lita 12 kwa sekunde.

Sasa hesabu, ambayo niliiandika kwa mkaa kwenye bati la kibanda ili kila mtu aione. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara 9.81 ambayo ni mvuto wa dunia, ni wati zilizomo ndani ya maji yale. Kumi na mbili mara kumi na nne mara 9.81: wati 1,648.

Fundi aliitazama namba ile kwa muda mrefu.

"Kaka, hiyo ndiyo ya kupeleka nyumbani?"

"Hapana. Hiyo ni ya maji yenyewe, kabla bomba, gurudumu, mkanda na jenereta havijachukua vyao."

Hakujibu. Alikwenda pembeni akanawa uso. Nilimwonea huruma, na namwonea huruma hadi leo, kwa sababu kazi ya mikono yake ilikuwa safi. Hakuna mahali alipochomelea vibaya. Kosa lilikuwa moja tu, kuamini maandishi ya kiwanda ambacho hakijawahi kukiona kijito chake.

Niseme kitu kuhusu mwezi, maana sikuenda Oktoba kwa bahati. Njombe mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Anayepima Machi atapima furaha: banio limefurika, kijito kinanguruma, kila hesabu inatoka nono. Kipimo kinachowafaa wenye nyumba ni kile cha mwisho wa kiangazi, na bado inabidi kuwauliza wazee kama kuna mwaka maji yalishuka chini ya hapo. Pale walituambia kijito hakijawahi kukauka tangu utoto wao, ila kuna miaka kilikuwa chembamba kuliko siku ile. Tukapima pia yale yaliyobaki kwenye mkondo wa asili baada ya banio kuchukua sehemu yake, kwa kuwa kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde husika, na kwa kuwa viumbe vya mtoni navyo vina haki yao. Tanzania imewahi kujifunza hilo kwa uchungu. Maji ya maporomoko ya Kihansi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yaliyokuwa yakilowanisha korongo yalipungua, na mwaka 2009 vyura wadogo wa Kihansi, wasiopatikana kwingine kokote duniani, walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wale waliosalia walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Kijito chetu si Kihansi, lakini kina watu wanaochota maji hapo chini.

Mchana tukapima umeme. Kabla ya yote, tahadhari, nami sizitaji kwa desturi tu. Volti 230 za kijitoni zinaua sawasawa na zile za TANESCO, na hapa mtu anasimama kwenye tope. Tulisukuma fimbo ya ethi ardhini, tukafunga fyuzi, tukavaa viatu vikavu vya mpira, na kila waya uliunganishwa koki ikiwa imefungwa na gurudumu limesimama. Hakuna aliyeruhusiwa kupima peke yake. Kanuni moja nyingine inahusu mashine za maji hasa: usichomoe mzigo ghafla wakati koki iko wazi. Gurudumu lililokuwa limeshikwa na mzigo linaachiwa, linaruka hadi karibu mara mbili ya kasi yake ya kazi, volti zinapanda nazo, na chochote kilichobaki kwenye waya kinaungua. Vikombe vilivyochomelewa vibaya vinaweza hata kuchomoka. Watoto tuliwapeleka nyuma ya mwamba.

Kwa mzigo tulitumia globu za zamani za waya wa ndani, wati 100 kila moja, zimepangwa nane kwenye ubao, kila moja na swichi yake. Nilizitafuta kwa shida madukani, lakini zina ukweli ambao LED haina. Zikipungukiwa zinageuka njano, kisha nyekundu, mbele ya macho ya watu wote. Tena ukizidisha volti kwa ampea zake unapata wati moja kwa moja, jambo lisilo kweli kwa friji wala kwa globu za LED.

Ampea tulizipima kwa mita ya kubana waya. Fundi aliibana kwenye kebo nzima, ikasoma sifuri, akadhani imeharibika. Hilo ni kosa la kila mmoja wetu siku ya kwanza: umeme unaokwenda na unaorudi hufutana, kwa hiyo lazima utenganishe nyaya na kubana mmoja tu. Na kwa mikondo midogo kama ya kwetu, mita hizi hubahatisha. Dawa yake ni kuuzungusha waya mara kumi ndani ya taya za mita, kusoma, kisha kugawa kwa kumi. Mita ikisema 26, una ampea 2.6.

Globu ya kwanza, ya pili. Volti zikashuka, fundi akaongeza koki, zikarudi 230. Ya tatu, ya nne. Kila nilipobonyeza swichi nilisikia sauti ya gurudumu ikizama kidogo, kama mtu anayebebeshwa ndoo kichwani, kisha maji yanaongezwa na sauti inanyanyuka. Ya tano. Ya sita. Hapo mkono wa koki ukagota. Bomba lilikuwa wazi lote, volti 231, ampea 2.6, mzunguko hezi 50. Wati 600.

"Ongeza," fundi akasema.

Niliwasha ya saba. Volti 214, ampea 2.9. Wati 621. Ya nane. Volti 196, ampea 3.16, wati 619, na mwanga wa globu zote nane umekuwa kama wa jua la magharibi. Hezi zilikuwa zimeanguka chini ya 45. Tulikuwa tumefika kileleni na kuanza kushuka upande wa pili. Unaweza kuning'iniza globu hamsini pale, utapata wekundu tu.

Jenereta ya ncha nne inahitaji mizunguko 1,500 kwa dakika ili kutoa hezi 50. Ikishuka hadi 1,300, globu haijali, lakini mota ya friji na transfoma ya redio vinaumia, kwa kuwa vimetengenezwa kwa hezi 50 na vikipata pungufu vinaweza kuvuta mkondo wa ziada na kuchemka. Ndiyo maana namba ya kutangaza haikuwa 621. Ilikuwa ile ya globu sita, ambapo volti na hezi vyote viko mahali pake.

Mzee wa fimbo alikuwa amesogea karibu. Aliuliza swali ambalo sikulitegemea: mia kumi na sita zimeingia, mia sita zimetoka, elfu moja zimekwenda wapi? Nilifurahi sana. Swali hilo ndilo linalotenganisha kupima na kusoma mita.

Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye geji ya presha. Koki ilipofungwa ilisoma karibu 1.4; maji yalipokuwa yakikimbia ilisoma 1.25. Msuguano ndani ya bomba ulikuwa umekula zaidi ya mita moja ya kimo chetu. Hasara hiyo ni ndogo, ishara kwamba fundi alichagua bomba nene la kutosha. Aliyebana matumizi akanunua bomba jembamba anaweza kupoteza hata theluthi nzima ya kimo chake. Baada ya bomba tulikuwa na wati kama 1,500.

Kwa gurudumu tulihitaji breki ya kamba. Mfaransa Gaspard de Prony ndiye aliyebuni breki ya kupimia nguvu za mashine mwaka 1821, na toleo lake la kamba linaweza kutengenezwa na yeyote mwenye mizani ya kuning'inizia nyama. Tulitoa mkanda wa jenereta, tukaizungushia puli kubwa kamba ya katani, mwisho mmoja umefungwa kwenye mizani, mwingine umeshikwa na uzito. Gurudumu linavuta kamba, kamba inalikaba gurudumu, na tofauti kati ya pande mbili za kamba ndiyo nguvu ya gurudumu pale kwenye ukingo wa puli. Kijana alimwaga maji juu ya kamba muda wote, vinginevyo ingeungua. Tulikaza hadi gurudumu likashuka kwenye mizunguko 290 kwa dakika, ile kasi yake ya kazi. Tofauti ilikuwa kilo 12, na nusu kipenyo cha puli sentimita 25. Kilo 12 mara 9.81, mara mita 0.25, mara kasi ya mzunguko: karibu wati 900.

Elfu moja za mzee sasa zilikuwa na majina. Bomba lilichukua 150, gurudumu na vikombe vyake 600, mkanda na jenereta 300. Fundi alichuchumaa mbele ya bati lenye mkaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona uso wake umebadilika. "Kwa hiyo nikivinyoosha vikombe, nikavisugua ndani vikawa laini..." Hakumaliza. Alikuwa ameshaanza kuvitengeneza kichwani. Gurudumu la vikombe la namna hii, liitwalo Pelton, likitengenezwa vizuri kiwandani hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya maji. La kwake lilipitisha 60, nami nimeona magurudumu ya kienyeji yaliyo chini zaidi ya hapo.

Kuna jirani mmoja ambaye hakuziamini mita zangu, na sikumlaumu. Aliuliza kwa nini aamini kisanduku cha plastiki kutoka mjini. Kwa ajili yake tulifanya jaribio la ndoo, na nikikumbuka siku ile yote, hilo ndilo ninalolipenda kuliko mengine.

Tulitia lita 10 za maji ya kijito kwenye ndoo, tukaifunika kwa blanketi pande zote, tukatumbukiza hita mbili ndogo za kuchemshia chai, za wati 300 kila moja. Maji yalianza nyuzi 14. Dakika ishirini baadaye, tukiyakoroga kwa kijiti, kipimajoto kilisoma 30 na nusu. Hita tulizizima kwanza, kisha yule jirani akatia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto. Kila lita ya maji inadai joto lile lile, jouli 4,186, ili kupanda nyuzi moja, iwe Njombe au Ulaya, na hakuna muuzaji wa mita anayeweza kubadilisha jambo hilo. Hesabu ilitoa wati 576. Zile ishirini na kitu zilizokosekana ziliponyoka kupitia blanketi.

Anayejulikana kwa hesabu hizi ni James Prescott Joule, Mwingereza wa familia ya watengeneza bia, ambaye miaka ya 1840 alionyesha kwamba kazi ya mwendo na joto ni kitu kimoja chenye sura mbili. Alifikiria sana kuhusu maporomoko. Maji yanapoanguka na kutulia chini lazima yawe na joto zaidi kidogo kuliko yalivyokuwa juu, lakini yanahitaji kuanguka mita 427 ili yapande nyuzi moja tu. Ya kwetu yalianguka 14, yaani ongezeko lake la joto ni sehemu tatu za mia za nyuzi moja, ambazo mkono hauwezi kuzihisi kamwe. Mashine ya yule fundi ilikuwa inakusanya zaidi ya theluthi ya joto hilo dogo kutoka kwenye lita 12 za kila sekunde na kulitia kwenye ndoo moja. Nilimweleza jirani hivyo. Alitoa mkono kwenye ndoo, akamwendea fundi, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Tuliiacha mashine na globu zake sita hadi jioni. Kipimo cha dakika tano ni kipimo cha mashine baridi. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, kiasi cha asilimia 20 kwa kila nyuzi 50, na waya wa ndani ya jenereta ni shaba tupu. Baada ya saa tatu volti zilikuwa 222, ampea 2.55: wati 566. Beringi ya upande wa puli ilikuwa imechemka kiasi cha kutoweza kuigusa, dalili kwamba mkanda umekazwa mno. Fundi aliulegeza.

Nyaya sitazisemea sana. Kutoka kijitoni hadi nyumba ya kwanza ni mita 300, na kwa kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 tungepoteza kama volti 10 njiani, jambo linalovumilika. Nataja tu kwa ajili ya wale wanaotumia altaneta ya gari ya volti 12: kwenye kebo hiyo hiyo, mita 100 tu na ampea 10, njia ingemeza zaidi ya volti 13, yaani karibu zote ambazo altaneta yenyewe inazitoa. Mashine inapimwa mlangoni pa nyumba ya mwisho, siyo kibandani peke yake.

Kikao kilikaa saa kumi na mbili, watu wamejifunika mablanketi kwa baridi. Fundi alisimama mwenyewe. Alisema nilichoogopa kwamba nitalazimika kukisema mimi: namba yangu ya zamani haikuwa sahihi, ya sasa ni wati 550, nimeipima mbele yenu. Kulikuwa na kimya, kisha manung'uniko, na mama aliyeuza mbuzi alisema maneno makali ambayo alikuwa na haki ya kuyasema. Halafu mzee wa fimbo akauliza tena swali lake la asubuhi.

Wati 550 kwa kaya 26 ni 21 kwa kila kaya. Taa tatu za LED za wati 5 na simu moja kwenye chaji. Hakuna pasi, kwa sababu pasi moja ya wati 1,000 ingezima kijiji chote. Hakuna hita wala mashine ya kusaga. Mtu mmoja alitaka televisheni. Wakakubaliana iwekwe moja, ya pamoja, kwenye nyumba ya ibada. Mwalimu wa shule ya msingi alitunza daftari, akisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila kaya iliandika jina na wati zake. Wawili walidai fedha zao, wakaahidiwa kurudishiwa baada ya mavuno, na nilipouliza baadaye walikuwa wamerudishiwa. Yule mama hakuwa mmoja wao. Alibaki na taa zake tatu.

Kabla sijaondoka fundi alipaka rangi nyeupe juu ya mkaa wangu, akaandika upya kwa brashi: koki wazi, geji 1.25, globu 6, volti 231 baridi, 222 moto. Nikamwachia geji, ubao wa globu na mita moja.

Aprili, masika yakiwa bado hayajaisha, alinipigia. Taa zilikuwa hafifu siku ya tatu hiyo, na watu wawili walikuwa wameshamwambia jenereta imeungua, inunuliwe nyingine. Yeye alikwenda kibandani, akatenga kijiji, akawasha globu sita. Volti 185. Akatazama geji: 1.0, wakati koki iko wazi na kijito kimejaa hadi ukingoni. Maji hayakuwa yakifika kwenye bomba kama ukutani palivyoandikwa. Akapanda hadi kwenye tangi kwa mvua ile ile, akaingiza mkono kwenye chujio, akatoa majani ya mianzi yaliyoshonana kama mkeka.

"Nikashuka, kaka," akaniambia, nikisikia maji yakinguruma nyuma yake. "Mshale uko palepale. Moja nukta mbili tano."